Lalamiko la Moshi Lililosimamisha Paa la Ngumbo

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya watu wawili watatu. Mbele ya ziwa zima.

Niko juu ya jiwe hapa Ngumbo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali pekee ambapo simu yangu inashika mtandao bila kubembelezwa. Nguo zimelowa. Nywele zina vitu ambavyo nitavieleza zamu yao ikifika. Nawaandikia ninyi, wenzangu wa kundi letu la waandishi, sasa hivi, kabla watu wa hapa hawajawafikishia habari wenyewe. Maana habari yao tayari ina wimbo.

Mnakikumbuka chumba cha kusomea tulichokihangaikia. Vitabu tulivyochanga vilikuwa ndani ya maboksi. Maboksi yalikuwa chini ya turubai. Turubai lilikuwa chini ya mbingu, na mbingu za msimu huu hazina aibu. Paa la zamani lilikuwa la nyasi, limechoka, linavuja hata kwa umande. Likashushwa. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: ama bati lipande kabla ya mvua, ama vitabu vyetu vigeuke uji.

Ninyi mkanituma mimi nisimamie. (Mlisema nina maneno. Kweli ninayo. Ndiyo yaliyoniponza.)

Wazee wanasema zamani kijiji kilikuwa na fundi mmoja, na ukimkosa unalala ukitazama nyota. Siku hizi soko ni huria. Kahawa yetu inanunuliwa na yeyote mwenye mzani, na paa linaezekwa na yeyote mwenye ngazi. Walikuja wawili. Wa kwanza alitoka Mbinga mjini na pikipiki, nyundo na kiapo. "Bati langu likivuja," alisema, "niiteni mbwa." Wa pili alikuwa Bwana Mlowe, msimamizi wa kampuni ya kuezeka kutoka Njombe. Mtu mrefu, shati limechomekewa, filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira. Yeye hakuapa. Alitoa vyeti viwili vilivyofunikwa nailoni: cheti cha ubora na cheti cha mazingira.

Mimi nikasimama mbele ya kamati ya kijiji nikahutubia. Nikasema cheti cha ubora maana yake paa halitavuja milele. Nikasema cheti cha mazingira maana yake ziwa hili litabaki kama Mungu alivyolimimina. Nilisema vizuri sana. Mpaka mimi mwenyewe nikaguswa.

Mama Agneta, mweka hazina wa kamati, mama wa kanisa mwenye sauti inayovuka ghuba, akaninyooshea kidole.

"Mwanangu, hicho cheti kinapanda paani?"

"Hakipandi, mama."

"Kinapiga msumari?"

"Hakipigi."

"Huyu baba cheti cha ubatizo anacho?"

"Ninacho, mama," Bwana Mlowe akajibu mwenyewe, ameshika kofia mkononi. "Na cha kipaimara."

"Haya. Sasa naona vimetimia. Mpeni kazi."

Ndivyo alivyopata kazi. Tulipotoka nje akanisogelea kwa upole, kama mtu anayetaka kukwambia una mbegu ya nyanya kwenye jino.

"Dada Mwandishi, hotuba nzuri. Lakini cheti hakiapi kwamba bati halitavuja."

"Kumbe kinasema nini?"

"Kinasema likivuja, tunajua msumari upi, nani aliupiga, kwa nini alikosea, na tutafanya nini asikosee tena. Watu wa nje wanakuja kutukagua kama tunafanya hivyo kweli."

"Na cha mazingira?"

"Kinasema tukiondoka hapa tusiache kitu ambacho hatukukikuta."

Jamani. Mimi natoka Litembo, milimani, ambako fundi akimaliza paa huacha misumari uani na watoto wanaiokota kwa nyayo zao. Hawa wa Mlowe nikawaona jioni ya kwanza wakiburuta sumaku kwenye kamba, wakizunguka nyumba polepole kama watu walio kwenye maandamano ya sakramenti, na misumari inaruka yenyewe kutoka mavumbini na kujibandika. Vipande vya bati vinaingia gunia lake. Vipande vya mbao gunia lake. Hakuna kuchoma takataka, hata karatasi. Nyasi za paa la zamani hazikuteketezwa. Zilibebwa zikalundikwa kule ufukweni, nyuma ya matete, akina mama wazichukue wakatandaze kwenye bustani zao. Sikujua kwamba kushusha nyumba kunaweza kuwa na adabu.

Nikaokoka. Nikawa muumini. (Na mnajua muumini mpya alivyo: anataka kumbatiza hata paka.) Nikaanza kuzunguka kazini kama polisi wa mazingira. Nilimkemea kijana wa kampuni kwa kutema maganda ya muwa. Nilimkemea kuku. Bwana Mlowe akawa ananitazama kwa macho ya mtu aliyefuga moto akidhani ni taa.

Sasa tufike leo.

Mchana baada ya chakula, upande mmoja wa paa ulikuwa umeshafunikwa. Upande wa pili, ule ulio juu ya maboksi, ulikuwa mbao tupu, kenchi na papi, mbavu za ng'ombe kabisa. Nyuma yetu, juu ya milima ya Umatengo, mawingu yalikuwa yameanza kukaa vikao. Bwana Mlowe alisema: "Tukienda mwendo huu, kabla jua halijazama maboksi yako chini ya bati." Nyundo zikaongeza kasi. Ziwa lilikuwa limetulia mno, kama limeshika pumzi.

Nikageuka upande wa ufukwe.

Moshi!

Moshi mkubwa, wa kahawia, unapanda nyuma ya matete. Kule kule walikolundika nyasi kuukuu. Unapanda, unanenepa, unajikunja, mpaka kilele chake kinapotelea kwenye mwanga.

Moyo wangu ulipasuka vipande viwili. Kipande kimoja kilisema: wamechoma nyasi. Kipande cha pili kilisema: wamenidanganya. Vyeti vile, sumaku ile, maandamano yale ya misumari, yote maigizo!

"Bwana Mlowe!" nikapiga kelele. "Shuka! Moshi ule ni wa nini?"

Akashuka ngazi. Akatazama. Rangi ikamtoka usoni.

"Mimi sikuagiza," akasema.

"Lakini unauona?"

"Nauona." Akajinyoosha, akavuta shati lake, na kuniuliza swali ambalo nitalisikia mpaka uzee wangu: "Dada Mwandishi, hapa unauliza au unalalamika?"

"Kuna tofauti gani?"

"Ukiuliza, nakujibu. Ukilalamika, kazi inasimama mpaka lalamiko lifungwe. Lalamiko la mazingira halina mchezo. Ndiyo sheria ya cheti."

Watu wangu, hapo palikuwa na mlango. Ulikuwa wazi. Ningesema "nauliza" tu, ningekuwa sasa nakunywa chai kama binadamu wengine. Lakini mimi nilijinyoosha kuliko yeye. Nikainua kidevu. Nikatumia sauti ile ya hotuba.

"Nalalamika."

Akapuliza filimbi. Priiii! Nyundo zikanyamaza. Vijana wote wakashuka. Bati lililokuwa limeshikwa na msumari mmoja likabaki linapepea juu kama sikio la punda. Na papo hapo milima ikanguruma mara moja, kwa mbali, kana kwamba nayo imesikia.

Wakati huo Mama Agneta akawa anapita mbio, kikapu kipana mkononi, kitenge amekikaza kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekaa? Nkungu hao wanakuja!"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia. Mimi nilisikia "ukungu". Na nilisikia ukungu umesemwa vibaya. Mama Agneta nyumbani kwake anasema Kinyasa, Kiswahili ni lugha ya sokoni na kanisani, nami nikaona (eti!) ni kuteleza kwa ulimi. Badala ya kuuliza nikamsahihisha. Mbele ya vijana wote wa Njombe.

"Mama, tunasema ukungu huo unakuja. Si hao wanakuja. Ukungu si mtu."

Mama Agneta akasimama. Akanitazama kuanzia unywele mpaka ukucha.

"Huo?"

"Huo, mama. Tena ule si ukungu. Mimi nimezaliwa Litembo, ukungu unaingia hadi chumbani bila kubisha hodi. Ukungu wa mchana, jua likiwa hivi? Ule ni moshi."

"Kweli," Bwana Mlowe akaunga mkono. "Na sisi Njombe ukungu tunalala nao kitanda kimoja. Ule si wenyewe."

Mama Agneta akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama ufukweni, akaona wakati unakwenda. "Haya, wasomi," akasema. "Bakini na huo wenu. Mimi nawafuata hao wangu." Akaondoka mbio.

Bwana Mlowe akageukia watu wake. Alikuwa anatetemeka, lakini kwa utaratibu. "Moto eneo la kazi! Kila mtu na chombo chake! Ndoo, maji, mchanga!" Wakachota maji pipani. Ndoo, beseni, hata sufuria ya ugali. Mimi nikachovya gunia tupu ndani ya maji, likalowa likawa zito kama mzigo wa dhambi, nikalibeba begani. Tukatoka mbio. Bwana Mlowe mbele, mimi wa pili, kampuni nzima nyuma yetu inamwaga maji njia nzima.

Na kijiji nacho kikatoka!

Kutoka kila ua, akina mama, wasichana, wazee, wote wanakimbia kuelekea ufukweni na vikapu, na mifuniko ya sufuria, na nyungo zilizoloweshwa. Ndugu zangu, machozi yalinitoka. Nikasema moyoni: hawa ndio watu! Hawana cheti hata kimoja, lakini wakiona moto kwenye ufukwe wao wanatoka wote!

"Asanteni, akina mama!" nikalia nikikimbia. "Tuuzime pamoja!"

"Tuzime nini?" msichana mmoja akaniuliza akinipita. "Wewe kimbia, watatupita!"

Watatupita. Nikaelewa moja kwa moja: waliochoma nyasi wanatoroka.

"Wasipite!" nikapaza sauti. "Tuwakamate wote!"

"Ehee!" wakaitikia wanawake wote kwa furaha. "Wote!"

(Sijawahi kuelewana na umati vizuri namna ile.)

Tukayapenya matete. Na pale mbele yetu lilikuwa lundo la nyasi kuukuu. Zima. Baridi. Juu yake amelala kuku, yule yule niliyemkemea, amefumba jicho moja.

Bwana Mlowe akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni, ndoo yake ikamwagika viatuni. "Nyasi ziko salama," akasema. "Sasa moshi unatoka wapi?"

Tukainua macho.

Hapa naomba mniache nisifanye mzaha kidogo, maana sijui nitalisema vipi jambo hili.

Ziwa lilikuwa limeota nguzo. Si moja. Zilisimama juu ya maji, karibu na mbali, mpaka kule ambako maji yanakuwa mbingu. Zilianzia kwenye uso wa ziwa, zikapanda, zikapinda, zikapanda tena, rangi ya kahawa iliyosagwa, ndefu kuliko milima yetu. Jua liliingia ndani yake likatoka likiwa shaba. Hapakuwa na harufu ya moto hata kidogo. Palikuwa na harufu ya maji, na sauti. Sauti ndogo, iliyojaa kila mahali, kama kwaya inayotafuta ufunguo wa wimbo huku midomo imefungwa. Na nguzo moja, iliyo karibu kuliko zote, ilikuwa inatembea. Ilikuja juu ya maji bila haraka, imeinama kidogo mbele, kama mgeni mrefu anayeingia nyumba yenye mlango mfupi.

Bwana Mlowe alivua kofia. Hakuna aliyemwambia. Nimeandika kurasa na kurasa kuhusu ziwa hili, na ziwa hili lilikuwa halijanionyesha uso wake mpaka dakika ile.

Sasa mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi miguu iliogopa, lakini ulimi ulikuwa bado uko kwenye jambo lake la mwanzo. Nikavuta pumzi yote ya kifua changu nipige ukelele wa mwisho wa kuwaonya watu.

Neno "moto" lina o mbili. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilijazwa.

Wadudu! Wadogo kuliko mbu, laini kama majivu, maelfu kwa maelfu, ndani ya mdomo, ndani ya pua, kwenye kope, kwenye masikio. Dunia ikawa kahawia na inavuma. Nikakohoa, nikameza. (Ndiyo. Nilimeza. Tuendelee.) Nikashika lile gunia langu lililolowa nikaanza kulizungusha, huku na huku, juu na chini, nikizunguka kama mchezaji wa ngoma aliyepandwa na mashetani.

Nikasikia vigelegele.

"Mwangalieni! Mwangalieni wa Litembo!"

"Kumbe anajua!"

"Zungusha, dada! Zungusha chini, ndiko walikojaa!"

Nikafungua jicho moja. Pande zote wanawake walikuwa wanafanya vile vile nilivyofanya mimi, ila wao walikuwa wanajua wanachofanya. Walizungusha vikapu na mifuniko iliyolowa maji ndani ya lile wingu, na wadudu wakanasa, wakakusanywa, wakafinyangwa viganjani kuwa madonge meusi. Na gunia langu lilikuwa limebeba wengi kuliko kikapu cha mtu yeyote. Vijana wa Njombe nao, na ndoo zao na beseni zao zenye maji, walikuwa wamepangwa mstari na bibi mmoja aliyekuwa anawapongeza kwa kuja na vyombo sahihi.

Mama Agneta akatokea katikati ya wingu, mweusi kwa wadudu, anang'aa kwa furaha. Akaninyang'anya gunia, akalikung'utia kikapuni mwake. Kisha akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, na sauti ile inayovuka ghuba.

"Mwanangu. Uliniambia tunasema nini?"

"Ukungu, mama."

"Sisi tunawaita nkungu. Wanazaliwa huko ziwani, wanatoka pamoja, upepo ukiwaleta kwetu tunawala. Haya niambie. Ni huo?"

Ufukwe mzima ulinyamaza kunisikiliza. Hata wadudu nadhani walipunguza sauti.

"Hao, mama."

"Sikusikia."

"Hao! Wanakuja!"

"Wengi?"

"Wengi, mama."

"Na huyu," akawageukia wenzake, "ndiye anayetuandikia kitabu cha ziwa!"

Sitaelezea kicheko. Kuna mzee alikaa chini mchangani ili acheke vizuri. Na wimbo ulizaliwa pale pale, wa kuitikiana: mmoja anaimba "huo?", wote wanajibu "hao!" Una mapigo mazuri. Mimi mwenyewe mguu ulitingishika.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini milima ilinguruma tena, safari hii karibu. Nikakumbuka maboksi. Nikakumbuka lile bati linalopepea. Nikamkimbilia Bwana Mlowe, ambaye alikuwa anatoa nkungu kwenye filimbi yake kwa kijiti.

"Nafuta lalamiko! Rudini paani!"

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Lalamiko halifutwi, dada. Linafungwa."

"Lifunge basi!"

"Kwanza tuseme chanzo."

"Wadudu!"

"Kilichoungua?"

"Hakuna! Muulize kuku!"

"Kosa la nani?"

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Vijana wa Njombe wakanitazama mimi. Wanawake wa Ngumbo wakanitazama mimi. Kuku naye alikuwa ametufuata, akanitazama mimi.

"Langu," nikasema.

"Kosa la mteja," Bwana Mlowe akarudia taratibu, na mimi nikaona kwamba naye amepata taabu, maana alikuwa hajawahi kukutana na kosa la aina hiyo. "Sasa lazima kuwe na hatua ya kuzuia lisijirudie. Bila hiyo halifungwi. Wakaguzi wakija wataniuliza: mlifanya nini ili lisitokee tena? Niwaambie nini?"

Tone la kwanza la mvua likaniangukia puani. Nikawaza vile vitabu, vingine vimetoka kwenye mikono ya watu wasio na vitabu viwili nyumbani kwao. Nilikuwa tayari kupiga magoti.

"Mfundisheni," akasema Mama Agneta.

"Nini, mama?"

"Si mlisema mna cheti cha mambo ya mazingira? Huyu hayajui. Mfundisheni mazingira. Mkishindwa, nitamfundisha mimi."

Niliyetoa hotuba. Niliyemkemea kuku. Nifundishwe mazingira.

Nikadhani Bwana Mlowe atacheka. Hakucheka. Uso wake ulifunguka kama dirisha. "Mafunzo," akasema kwa heshima kabisa, "ni hatua inayokubalika. Dada, unakubali mafunzo?"

"Nakubali!"

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya ziwa!"

Priiii! Lalamiko limefungwa. Tukarudi mbio, na safari hii kijiji kizima nyuma yetu, maana vijana walikuwa wamesaidia kukamata nkungu na huku deni la mkono hulipwa kwa mkono. Wanaume wakapandisha bati kwa mnyororo wa watu, wanawake wakashika turubai juu ya maboksi kwa ncha zake nne, wakiimba ule wimbo wangu. Mvua ikaja ikipita mashambani, tunaisikia kabla ya kuiona. Nyundo zikawa kama mahindi kwenye kikaango. Na sitaficha: hata katika haraka ile, kila msumari ulipigwa mahali pake, na Bwana Mlowe alipita nyuma ya kila kijana akigusa kila kichwa cha msumari kwa kidole, kama anayehesabu wanafunzi wake. Niliwaza: kumbe cheti ni hiki. Si karatasi. Ni mtu kutokubali kulegeza hata akiwa amelowa na ana wadudu masikioni.

Bati la mwisho lilikaa. Mvua ikamwagika juu yake.

Mnaijua sauti ya mvua juu ya bati jipya. Tulisimama ndani, kijiji kizima kimebanana na maboksi. Mama Agneta aliinua mkono, kiganja juu, akingojea tone. Alingojea muda mrefu. Kiganja kilibaki kikavu. Akakitazama, akautazama ule upande wa bati, akasema polepole, "Haya. Cheti kimepanda paani."

Mvua sasa imepita, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuja juu ya jiwe hili. Ziwa limerudi kuwa ziwa, limelala, linajifanya halikunifanya kitu. Kutoka jikoni kwa Mama Agneta nasikia harufu ya nkungu waliofinyangwa kuwa mkate, wanachemka na nyanya na kitunguu. Somo la kwanza nimeshaonja: chumvi kidogo, udagaa kidogo, na ladha ambayo sina neno lake kwa Kiswahili. Nimeomba neno la Kinyasa. Wamesema nitapewa nikimaliza sahani.

Bwana Mlowe amepita hapa chini ya jiwe sasa hivi, shati limechomekewa upya. Amenikumbusha kwamba mafunzo yasiyo na mtihani hayahesabiki, na kwamba mtahini ni Mama Agneta, na kwamba nikifeli lalamiko linafunguliwa upya.

Kwa hiyo nawaomba, wenzangu. Anayetaka kucheka asicheke ovyo ovyo. Aseme kwanza chanzo, aseme kosa la nani, kisha acheke kwa utaratibu.